Jibu kwa mleta uzi: mdogo wangu anaimba, yupo Ujiji, apande basi aende Dar "kusainiwa"?

Mkuu, nafupisha kwanza ulichouliza ili wanaoingia sasa wasihangaike kurudi ukurasa wa kwanza. Mdogo wako wa kike ana miaka 17, kamaliza kidato cha nne, yupo Ujiji mkoani Kigoma, kakulia kwenye kaswida na sasa anaimba Bongo Fleva. Familia imejichanga laki sita. Kuna jamaa wa Dar anayejiita meneja, kamsikia TikTok, anataka apande basi akasainiwe na atangulize hela ya "usajili wa lebo". Wadau wengi humu wamekujibu mwache akapambane, hata Diamond alianza hivyohivyo.

Mimi nasema asipande, na hiyo laki sita isitumwe popote. Lebo haimtozi msanii hela ili imsaini. Lebo ndiyo inayotanguliza hela ya studio, video na promo, halafu inajirudishia kwenye mapato ya msanii. Hela ikianza kutoka kwa msanii kwenda kwa lebo, jua hapo hakuna lebo, kuna mtu na mkataba wake aliouchapisha steshenari.

Hoja ya Diamond ndiyo inayopoteza vijana wengi wa mkoa huu. Ni kweli ana asili ya Kigoma kwa upande wa mama, lakini Nasibu Abdul kazaliwa Dar mwaka 1989 na kakulia Tandale. Studio kwake zilikuwa za kupanda daladala. Akikosa nafasi leo, anarudi kulala kwa mama, kesho anauza mitumba, keshokutwa anagonga mlango mwingine. Alizunguka hivyo miaka kadhaa kabla ya Kamwambie, iliyopikwa na Bob Junior pale Sharobaro Records, kumpa tuzo tatu za Kili mwaka 2010. Mwasiti yeye alipitia THT (Tanzania House of Talent, kituo cha kulea vipaji), enzi za marehemu Ruge Mutahaba, mahali palipokuwa na walimu wa sauti na mazoezi ya kila siku. Peter Msechu akatokea kwenye shindano, Tusker Project Fame 2010, akashika nafasi ya pili. Hao ni watu watatu waliopita njia tatu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyetokea kwa kumlipa mtu asiyemjua. Hata Leka Dutigite, ngoma ya mwaka 2012 ya Kigoma All Stars (wasanii wenye asili ya Kigoma), haikumtoa chipukizi. Iliwakusanya waliokwisha kutoka.

Kwa hiyo mdogo wako akienda Dar leo anaenda na sauti tu, na mji ule una sauti nzuri kila mtaa. Akienda na nyimbo mbili zilizokamilika, zenye karatasi zake na zinazosikika redioni, anaenda na mali. Tofauti hiyo inajengeka akiwa hapohapo Ujiji.

Sauti kwanza. Kaswida imeshampa pumzi na matamshi, kwa hiyo kilichobaki cha kujifunza ni kidogo kuliko cha wengi. Anachokosa kwa kawaida mtu aliyetoka huko ni kujua ufunguo wake, yaani kimo cha noti kinachoifaa sauti yake. Mpe simu yenye programu ya kinanda, aimbe kupanda noti moja moja mpaka sauti ianze kubana, aandike noti ya juu kabisa anayoifika bila kukaza shingo. Kisha ashuke mpaka chini, aandike na hiyo. Noti ya juu ya kiitikio ikae hatua moja au mbili chini ya kikomo chake, kwa sababu jukwaani amechoka, anacheza, moshi umemjaa kooni, ile noti ya studio haitoki. Chipukizi wengi hurekodi kwenye kikomo halafu wanaishia kutumbuiza kwa kufungulia wimbo wenyewe na kupepesa midomo. Watu wa Kigoma wanaona, na wanazomea.

Hapo unaingia kwenye biti, yaani mdundo wa wimbo, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa na nyimbo nyingi zinapotelea.

Biti la bure la YouTube siyo la bure. Mara nyingi maelezo ya chini yanasema unaruhusiwa kufanyia mazoezi au kuweka kazi isiyoingiza hela, na ukitaka kuuza ununue leseni. Leseni ya bei rahisi nayo huwa si ya peke yako: biti hilohilo wameuziwa watu wengine kibao. Sasa mmoja wao, yupo Lagos au Nairobi, akiusajili wimbo wake kwenye mfumo wa Content ID wa YouTube, mfumo unautambua mdundo, siyo sauti. Siku mdogo wako anapopandisha wimbo wake, linakuja dai la hakimiliki, na mapato ya video yake yanaelekezwa kwa yule wa kwanza. Anaweza kupinga, lakini atapinga kwa karatasi gani? Kampuni za usambazaji (zinazopeleka wimbo kwenye majukwaa kama Boomplay na Spotify) nazo zikiona madai yanajirudia zinaweza kushusha wimbo, na nyingine zinafunga akaunti kabisa.

Kwa hiyo atafute prodyuza wa hapo mjini amtengenezee biti kuanzia sifuri, kwenye ufunguo wake. Wapo Mwanga, wapo Gungu. Akienda asiseme "nataka kama ya Zuchu". Aende na kiitikio ameshakiimba kwenye simu bila mdundo, na aseme kasi anayoitaka. Amapiano hukaa kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika. Singeli ni ya kasi zaidi, mara nyingi inafika 200 na kupita. Akiimba huku anagonga meza, prodyuza mzuri atapata kasi ndani ya dakika moja. Biti likitoka juu sana, lishushwe ndani ya mradi wenyewe kabla ya kurekodi sauti. Kushusha MP3 iliyokwisha kuchanganywa zaidi ya nusu-toni mbili au tatu kunalegeza ngoma na besi, na kila mwenye sikio atajua.

Kurekodi. Studio nyingi za mkoani ni chumba cha kawaida: tofali, sakafu ya saruji, bati, wakati mwingine bila dari. Aingie, apige kofi moja katikati ya chumba. Akisikia mlio mkali unarudi haraka, huo mlio ndio utakaoingia kwenye vokali, yaani sauti yake iliyorekodiwa, na hautolewi baadaye. Dawa siyo trei za mayai ukutani, hizo hazifanyi kitu cha maana. Dawa ni godoro zito lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji. Wengi huliweka mbele yake, nyuma ya maiki, na hapo wanakosea: maiki ya kondensa ya studio kwa kawaida inasikiliza upande aliosimama yeye, kwa hiyo ukuta unaorudisha sauti ndani ya maiki ni ule ulio mgongoni kwake. Blanketi nene kwenye kona mbili, zulia chini. Mdomo shibiri moja kutoka kwenye maiki, katikati kuwe na kichujio cha pumzi. Kama hakipo, soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya inatosha kuzuia zile "p" na "b" zisipige kama ngumi. Kiwango cha sauti, pale anapopaza zaidi, kibaki kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo. Kikigusa sifuri sauti imepasuka na hakuna wa kuishona. Hedifoni ziwe zile zinazofunika sikio lote, la sivyo mdundo unavuja na kurekodiwa pamoja na sauti.

Na bati. Mvua za Kigoma zinaanza Oktoba au Novemba na zinakwenda mpaka Aprili, Mei. Mvua ikishuka kwenye bati bila dari, kikao kimekwisha. Apange nafasi ya studio asubuhi, akubaliane na prodyuza kabisa kwamba mvua ikinyesha saa zilizopotea zinafidiwa, apishane na adhana, na aulize umeme ukikatika kuna nini. Kompyuta ikizimika katikati ya kazi na mradi haujahifadhiwa, vokali nzuri kuliko zote ndiyo inayopotea, sijui kwa nini huwa hivyo.

Aimbe wimbo wote mara tatu au nne, kisha wachague sentensi bora na kuziunga. Kiitikio kirudiwe mara mbili zaidi, moja ikae kushoto na nyingine kulia. Faili ziwe WAV, zenye ubora wa bit 24 (siyo biti la mdundo) na kilohertz 48 au 44.1. Kuhusu Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti iingie kwenye noti, sina ugomvi nayo, ila ufunguo lazima uwekwe sahihi na kasi yake isiwe ya juu kabisa. Mtu wa kaswida ana mikunjo mingi ya sauti. Ile programu ikiwa kali inainyoosha yote na kumfanya afanane na kila mtu. Mikunjo hiyo ndiyo utambulisho wake, msiuzike.

Kuchanganya kukiisha, asikilize wimbo kwenye simu ya bei rahisi, kwenye spika ya bajaji na kwenye redio ya dukani, siyo kwenye spika za studio tu. Besi ikipotea kwenye simu, prodyuza aiongezee mlio wa kati kidogo badala ya kupandisha besi yenyewe. Majukwaa makubwa husawazisha sauti, Spotify wako kwenye LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kuukandamiza wimbo ili upige kelele kuliko wengine hakusaidii. Unashushwa tu, na unabaki umechoka.

Kabla hajatoka studio achukue kwenye flashi yake mwenyewe: wimbo kamili wa WAV, MP3 ya 320 kwa ajili ya redio, toleo lisilo na sauti kabisa, toleo lenye sauti za nyuma tu kwa ajili ya jukwaani, sauti peke yake, na vipande vyote vya mradi vilivyotenganishwa. Nakala ya pili aweke Google Drive. Kompyuta za studio zinakufa, zinaibiwa, au prodyuza anahamia Mwanza. Baada ya miaka mitatu anatokea mtu anataka remiksi, na kinachopatikana ni MP3 ya WhatsApp.

Karatasi sasa. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi, yaani lile faili lenyewe. Siku ya kurekodi, kabla watu hawajatawanyika, iandikwe karatasi ya ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe, nani kaandika maneno, nani katunga melodia, nani katengeneza biti, asilimia za kila mmoja zijumlishwe zifike 100, na sentensi moja inayosema rekodi ni ya nani. Prodyuza akilipwa hela yake yote taslimu, iandikwe kwamba rekodi ni ya msanii na kwamba prodyuza anabaki na sehemu gani ya utunzi, kama ipo. Asipolipwa yote, mgao wake upande, ni haki yake. Wasaini wote, na shahidi mmoja. Karatasi hii inaonekana ya kijinga wimbo ukiwa hauna msikilizaji, na ndiyo maana hapo ndipo pa kuiandika. Wimbo ukipata hela hakuna anayekumbuka mazungumzo.

Mdogo wako ana miaka 17, na sheria yetu ya mikataba inataka miaka 18. Mkataba aliousaini peke yake haumbani, lakini pia hautamlinda pale atakapotaka kuutumia. Mzazi au mlezi awepo kwenye kila saini. Na huyo meneja aliyetaka binti wa miaka 17 apande basi peke yake bila kuongea na mama yake, ameshajieleza.

Hakimiliki yenyewe inaanza pale kazi inapotungwa na kurekodiwa, haisubiri cheti. Lakini asajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa sababu mbele ya ubishi cheti chenye tarehe kina uzito kuliko maneno. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ndiyo inayomtambua kama msanii; aanzie kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri pale manispaa, atamwelekeza. Msiruke hatua hii kwa kuona ni urasimu, kwa sababu waandaaji wa matamasha makubwa wanauliza.

Usambazaji. Jina la kisanii alitafute kwanza YouTube, Boomplay, Audiomack na Spotify. Likiwa na mtu, hata wa Zambia, abadilishe, la sivyo nyimbo zake zitaangukia kwenye ukurasa wa mwingine na kuzitoa huko ni kazi ya wiki. Picha ya jalada iwe pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala nembo za mitandao, vitu hivyo vinakataliwa. Apandishe kwa msambazaji wiki tatu au nne kabla ya tarehe ya kuachia, siyo usiku wa kuamkia. Spotify wanataka wimbo upendekezwe kwa wahariri wao siku 7 kabla angalau, na tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu kule. Kwa mwanzo Boomplay na Audiomack ndiko wasikilizaji wetu waliko, Spotify iwepo tu.

Chaneli ya YouTube ifunguliwe kwa barua pepe yake, nywila ijulikane na mama yake, namba ya simu ya kurejeshea iwe ya nyumbani. Wimbo usipandishwe kwenye chaneli ya prodyuza "kwa sababu ina watu". Hao watu watabaki kwake na hesabu ya kutazamwa itabaki kwake. Ili chaneli ilipwe matangazo inataka wafuatiliaji 1,000, pamoja na ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. Akaunti ya malipo nayo inataka mtu wa miaka 18, kwa hiyo mzazi tena.

Hiyo laki sita mimi ningeigawa hivi: nusu kwa nyimbo mbili kamili, robo kwa picha na video ya kawaida, robo ibaki kwa usambazaji, bando na nauli. Video isimezwe na magari ya kuazima. Mwalo wa Kibirizi saa moja asubuhi, dagaa wameanikwa, mwanga ukiwa bado laini, hauhitaji bajeti, na hakuna msanii wa Sinza anayeweza kuupata.

Redio zipo hapohapo, Joy FM mojawapo. Apeleke faili mwenyewe, lenye jina la msanii na la wimbo, siyo "final final 2". Toleo lisiwe na tusi, lisizidi dakika tatu na kidogo, na sauti ianze mapema. Utangulizi wa sekunde 30 mtangazaji anaukata. Akiombwa hela ya kupigiwa wimbo, aseme asante na aende kipindi kingine.

Halafu kuna soko ambalo vijana wetu wanaliruka wakikimbilia Dar. Bujumbura iko karibu na Kigoma kuliko Mwanza ilivyo. Uvira na Kalemie, huko Kongo, ni upande wa pili wa maji, kote Kiswahili kinasikika, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mashua na malori yanapita kila siku, na madereva wanapiga muziki. Wimbo wenye kiitikio cha Kiha ndani ya Bongo Fleva utapita huko bila viza. Awape madereva, awape madijei wa ng'ambo, aangalie takwimu za YouTube zinamwambia wasikilizaji wako wapi, kisha apange shoo kufuata ramani hiyo. Harusi na sendofu za Kigoma mjini zimpe mazoezi ya jukwaa, kila wikiendi ikiwezekana.

Akitaka shule kabisa, ipo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ya serikali, anatoka na cheti au diploma na anakutana na wapiga vyombo. Kama ni lazima aende pwani, mimi ningempeleka huko kabla ya kwa meneja yeyote.

Siku lebo ya kweli itakapokuja, vifungu vya kusoma polepole ni muda (miaka au idadi ya nyimbo, kipi kinatangulia), rekodi ni za nani baada ya mkataba, asilimia ya shoo na matangazo siyo ya nyimbo tu, gharama zipi zinakatwa kabla ya mgao, na bei ya kutoka. Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Hata kama msanii anaimudu, kifungu cha namna hiyo kinasomwa kabla ya saini. Meneja asiye na lebo huchukua asilimia 15 hadi 20, na anaichukua kwenye hela iliyoingia, siyo kwenye laki sita ya ukoo.

Kwa huyo jamaa, mtumie ujumbe wa maandishi umwombe akutumie: jina la kampuni kama lilivyosajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa kampuni), wasanii wawili anaowasimamia na namba zao, na nakala ya mkataba kabla ya safari. Akiutuma huo mkataba, futa majina na uweke hapa kifungu cha muda na cha asilimia. Wanasheria humu wapo, wataupitia.